MAKTABA ISIYO NA KARATASI

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo. Baada ya kipindi, mwalimu wa darasa ayasome tena polepole, kisha kila mwanakisomo ajaribu kusoma fungu moja kwa sauti.)

  

Leo nataka kusema nanyi juu ya maktaba. Siyo ile mnayoijua, nyumba yenye rafu na vitabu na mtu mmoja mezani anayewaonya watu wanyamaze. Nataka kusema juu ya maktaba isiyo na karatasi, ambayo siku hizi huitwa maktaba ya kidijitali. Jina ni gumu kidogo. Lisomeni kwa vipande: ki-di-ji-ta-li. Mkilisema mara tatu litalainika.

Lakini kabla ya kuingia humo nina swali. Mtu akisha kujua kusoma, je, aweza kusahau?

Najua wengi watasema hapana, kusoma ni kama kuogelea, aliyejua amejua. Mimi nasema mtu husahau. Fikirini mtu mzima aliyejifunza herufi kwa mwaka mmoja, jioni, mgongo unamuuma kwa jembe. Akamaliza, akapewa cheti, akarudi nyumbani. Nyumbani hamna maandishi ila kalenda ya ukutani na mfuko wa mbolea. Mwaka wa kwanza anasoma mfuko wa mbolea. Mwaka wa pili amekwisha uchoka. Baada ya miaka mitatu minne akiitwa kutia sahihi, anatoa kidole gumba. Wala si mjinga mtu huyo. Amenyimwa cha kusoma, basi.

Jambo hili limetokea katika nchi yetu. Mwaka 1967, katika kila watu wazima watatu, wawili hivi hawakujua kusoma. Ikaanzishwa kazi kubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wakasoma chini ya miembe, katika maghala, misikitini na makanisani. Ilipofika mwaka 1986, asiyejua kusoma alikuwa mmoja hivi katika kila watu kumi. Nchi nyingine zilikuja kutazama namna tulivyofanya. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamekuwa wapatao watatu katika kila watu wazima kumi. Tulikuwa tumerudi nyuma. Sababu zilikuwa nyingi: wako watoto waliokua bila kwenda shule, yako madarasa yaliyokufa fedha zilipopungua. Na moja katika sababu hizo ni hii ninayoisema, kwamba wengine walijifunza kusoma kisha wakakosa vitabu.

Tena msifikiri kwamba hakuna aliyeliona jambo hilo mapema. Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Mradi wa kisomo wa mikoa ya Ziwa, ambao makao yake yalikuwa Mwanza, ulianzisha maktaba za vijijini, na baadaye maktaba hizo zikaenea mikoa mingine. Wazee mlio darasani mwaweza kukumbuka zilivyokuwa: kabati la vitabu shuleni au katika ofisi ya kijiji, na gazeti la Elimu Haina Mwisho lenye herufi kubwa za kusomeka.

Yaliyalipata nini makabati yale? Kitabu huchakaa. Kitabu kilichopita mikono mia huachia kurasa zake moja moja. Mchwa nao ni wasomaji wakubwa. Kimoja kinaazimwa kisirudi, kingine kinanyeshewa. Kupiga chapa kipya na kukisafirisha toka Dar es Salaam mpaka kijiji cha Rukwa ni gharama, na gharama hiyo haikupatikana kila mwaka. Basi vitabu vikaisha, kabati likabaki. Baadaye likawekwa chaki, na mwisho likatiwa mahindi.

Haya ndiyo yanayonifanya niitazame maktaba mpya kwa macho mawili. Jicho moja linafurahi. La pili linauliza kama nayo itakufa kifo kile kile cha kabati.

Sasa tuseme ni kitu gani. Katika maktaba hii kitabu hakikupigwa chapa juu ya karatasi. Kila herufi imegeuzwa alama ndogo ambayo kompyuta huihifadhi, na ukitaka kusoma, kompyuta au simu inazirudisha alama zile kuwa herufi mbele ya macho yako. Ukimaliza, kitabu kipo vile vile. Watu hamsini wanaweza kusoma kitabu kimoja saa ile ile na hakuna anayemngoja mwenzake. Mchwa hana chake humo.

Je, vitabu vingapi vyaweza kukaa mahali padogo? Chukueni kalamu tufanye hesabu. Ukurasa wa kitabu cha kawaida una herufi kama 2,000, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Kitabu cha kurasa 200 kitakuwa na herufi 400,000. Sasa, ndani ya simu nyingi mna kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kadi ya gigabaiti 32, ambayo ni ya kawaida tu madukani, yaweza kushika herufi kama 32,000,000,000. Gawanyeni kwa 400,000. Mmepata ngapi? 80,000. Vitabu elfu themanini katika kitu ambacho kikikuanguka sakafuni utakitafuta kwa tochi.

Ila msinisadiki upesi. Hesabu hiyo ni ya maandishi matupu. Ikiwa kitabu ni cha zamani na kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, picha ya ukurasa mmoja yaweza kula nafasi ya herufi 500,000, yaani zaidi ya kitabu kizima cha maandishi. Kwa namna hiyo kadi ile ile itashika vitabu kama mia tatu na ishirini. Hata hivyo, ni kijiji gani chenye vitabu mia tatu na ishirini?

Nchi zetu hazikuanza jana. Katika Chuo Kikuu cha Waikato, huko New Zealand, wataalamu walitunga programu iitwayo Greenstone, ya kupanga vitabu ndani ya kompyuta ili mtu aweze kutafuta neno na kulipata. Tangu mwaka 2000 UNESCO na shirika la Human Info la Ubelgiji walisaidia kuieneza bila malipo. Vitabu vya kilimo, maji na afya vilitiwa katika zile sahani zing'aazo, CD, vikapelekwa mahali pasipo na intaneti. Ilikuwa kazi njema sana. Lakini tazameni: leo kompyuta nyingi mpya hazina hata tundu la kuingizia sahani. Sahani ni nzima, kitabu kimo ndani yake, na mlango hakuna. Kumbe hata maktaba isiyo na karatasi yaweza kuliwa na mchwa wa namna yake.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipatana na wachapishaji wakubwa wa majarida ya udaktari. Majarida hayo ni ghali mno. Mpango wao, uitwao HINARI, ukaziruhusu hospitali na vyuo vya nchi maskini kuyasoma kwa kompyuta, nyingine bila malipo na nyingine kwa ada ndogo. Mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo likafanya vivyo hivyo kwa majarida ya kilimo. Vyuo vikuu vyetu navyo vikaweka kazi za wanafunzi na walimu wao katika kompyuta. Haya yote yametufaa, maana daktari akisoma mgonjwa hupata nafuu. Lakini angalieni ni nani aliyefunguliwa mlango: daktari, profesa na mwanafunzi wa chuo. Mkulima ambaye habari za mihogo yake zimo katika majarida yale hakufunguliwa. Yeye huyapata kwa bwana shamba, ikiwa bwana shamba ana pikipiki na pikipiki ina mafuta.

Huenda mmoja wenu sasa anasema moyoni: afisa huyu anatueleza habari za intaneti, na bando tutanunua kwa fedha gani? Swali zuri. Ngoja nilieleze kwa urefu, maana hapa watu wengi hukata tamaa bure.

Intaneti hutufikia hasa kwa mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na mwingine ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo wa kobe. Mikongo ilipofika, simu zikaanza kuleta habari kwa bei ambayo watu wengi wanaiweza kidogo kidogo. Lakini mikongo nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 miwili ilikatika kwa pamoja baharini kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania ni moja ya nchi zilizoumia. Mnakumbuka siku zile, ujumbe ulikuwa hauendi. Maktaba inayotegemea intaneti peke yake ingefungwa milango siku hizo, na kwa mtu asiye na bando imefungwa siku zote.

Basi yafaa mjue kwamba maktaba hii si lazima iwe na intaneti. Vitabu vinaweza kupakuliwa mara moja mjini, vikatiwa katika kadi, na kadi ikaletwa kijijini mfukoni mwa mtu aliyepanda basi. Iko programu iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo kazi yake ndiyo hiyo. Inafungasha maarifa ya tovuti nzima yakawa mzigo mmoja, nawe unausoma bila mtandao. Mzigo huo waweza kuwekwa katika kisanduku kidogo kinachotumia umeme mchache, wa sola unatosha. Kisanduku kinatoa mawimbi, kama redio ndogo, na simu zote zilizo darasani au barazani zinayapokea na kusoma. Hakuna bando linalokatwa. Ukiondoka mita mia mawimbi yamekwisha, ukirudi yapo.

Tena pengine chombo mnacho tayari. Mnavikumbuka vile vishikwambi vya makarani wa sensa ya mwaka 2022? Baadaye viligawiwa walimu. Kama mwalimu wenu wa kisomo ni mwalimu wa shule, huenda anacho kimoja. Kishikwambi chaweza kubeba maktaba, na kwa programu ile niliyoitaja chaweza hata kuzigawia simu nyingine zilizo karibu. Nasema mwulizeni kwa adabu. Sisemi mkamnyang'anye.

Kwa mtu mzima maktaba hii ina faida moja ambayo vijana hawaioni. Herufi zake hukua. Mtu wa miaka hamsini aliyeanza kisomo jana mara nyingi hashindwi na akili, anashindwa na macho. Kitabu cha karatasi kina herufi za ukubwa mmoja, upende usipende, na miwani ni fedha. Katika simu unaweza kuweka vidole viwili juu ya maneno ukavitanua, na neno likawa kubwa kama la ubaoni. Nimewaona akina mama waliokuwa wakisema kisomo kimewashinda wakisoma hadithi nzima kwa namna hiyo, mdomo ukifuata taratibu. Ziko pia hadithi zenye sauti, unasikia huku unatazama neno. Na kwa ndugu zetu vipofu, mwaka 2013 mataifa yalipatana huko Marrakesh, Moroko, kwamba nchi zilizotia mkono zitaruhusu vitabu kugeuzwa sauti au maandishi ya nukta kwa ajili yao bila kuomba ruhusa ya kila mwenye kitabu. Zamani sheria ya hakimiliki iliweza kulizuia jambo hilo.

Mtu mwingine atasema: mbona simu yangu imejaa maneno kutwa, si hiyo maktaba? La, hasha. Mnada una dawa na duka la dawa lina dawa, lakini wewe mwenyewe unajua pa kumpeleka mtoto mwenye homa. Maneno yanayorushwa katika simu hayana mwenyewe. Leo unaambiwa majani fulani yanaponya sukari, kesho unaambiwa benki inagawa fedha, bonyeza hapa. Katika maktaba yuko mtu aliyechagua. Ameuliza kitabu hiki kimeandikwa na nani, mwaka gani, na kama mambo yake yangali kweli. Mtu huyo huitwa mkutubi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, nalo ni lugha. Maktaba yaweza kuwa na vitabu laki moja na bado ikawa tupu kwenu, ikiwa vyote ni vya Kiingereza. Ile kamusi kubwa ya watu wote iitwayo Wikipedia, kwa Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6. Kwa Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala zaidi ya 70,000. Si haba, na ninawasifu walioziandika kwa kujitolea. Lakini linganisheni. Tena nyingi ni fupi, mistari mitatu minne.

Hata hivyo yako mambo ya kupata kwa lugha yetu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule. Wazazi, kitabu cha mtoto wako wa darasa la tatu waweza kukisoma humo wewe mwenyewe, na mtoto asijue kwamba unajifunza kwa mlango wa nyuma. Uko mradi wa African Storybook, uliofungua tovuti yake mwaka 2014 kutoka Afrika Kusini, wenye hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Wenye hadithi hizo wametoa ruhusa: unaweza kuzisoma, kuzipiga chapa, hata kuzifasiri kwa Kigogo au Kisukuma na kuzirudisha. Ruhusa hiyo ni jambo kubwa. Si kila kitabu kimeruhusiwa hivyo. Mwandishi hula kwa kitabu chake kama mkulima alavyo kwa shamba lake, na kunakili bila ruhusa ni kuvuna shamba la mtu usiku.

Na sheria je? Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jema, lakini sheria iliyofasiriwa ikakaa katika ofisi moja mjini haimfai mjane anayeambiwa na shemeji zake kwamba hana haki ya shamba. Sheria ya ardhi ya vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema juu ya haki ya mwanamke kupata ardhi. Mjane huyo akiweza kufungua maneno yenyewe katika simu, mbele ya shemeji zake na mbele ya baraza, akayasoma kwa sauti yake, kikao kitakuwa kikao kingine. Mimi nikiulizwa maktaba ya kijiji ianze na nini, nitasema ianze na hiyo. Riwaya zitafuata.

Tumesema habari za vitabu vinavyotoka mbali kuja kwetu. Lakini maktaba ina njia ya pili, ya kutoka kwetu kwenda kwa wengine, na njia hiyo watu huisahau.

Sikilizeni habari ya Timbuktu, mji wa kale wa Mali. Huko jamaa nyingi zilirithi hati zilizoandikwa kwa mkono, nyingine za miaka mia kadhaa: dini, nyota, dawa, sheria, mikataba ya biashara. Mwaka 2012 wapiganaji waliuteka mji. Abdel Kader Haidara, mtunza hati mmoja wa mji ule, pamoja na wenzake na wenyeji wengi, wakazitoa hati kwa siri ndani ya masanduku ya bati, kwa magari na kwa mashua, mpaka Bamako. Mwezi Januari 2013 wapiganaji walipokuwa wakikimbia walichoma hati zilizobaki katika Taasisi ya Ahmed Baba, na maelfu yakapotea. Baada ya hapo, huko Bamako, kazi ya kupiga picha zile zilizookoka ikashika kasi. Hati iliyopigwa picha, nakala zake zikawekwa mahali pengi, haiwezi tena kuuawa kwa kiberiti kimoja.

Na si Mali tu. Pwani yetu wenyewe, kule Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, nazo leo zinasomeka kwa kompyuta. Wazee wangapi wa Pangani, Kilwa na Unguja wana hati za babu zao ndani ya sanduku chini ya kitanda, na panya wanazijua kuliko wajukuu? Na ninyi wa bara, msiseme hamna hati. Mnazo hadithi, majina ya miti ya dawa, kumbukumbu za mwaka wa njaa na namna watu walivyopona. Mtu anayejua kuandika sasa aweza kuyaandika hayo. Hadithi aliyoisimulia bibi, ikaandikwa na mwanakisomo, ikapigwa picha kwa simu, hiyo ni kitabu cha kwanza cha maktaba yenu, na hakuna wa kuwaambia mngoje ruhusa toka ng'ambo.

Limebaki jambo la mtunzaji. Katika safari zangu za kazi nimeingia shule moja, sitaitaja, ambayo ilipewa kompyuta ishirini. Nilizikuta zimepangwa vizuri, kila moja imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Chumba kilikuwa na kufuli mbili. Nikauliza wanafunzi wanazitumia lini. Nikajibiwa kwamba wakizitumia zitaharibika. Sikucheka, maana niliyeongea naye alikuwa na hofu ya kweli: kikipotea kitu atalipa yeye, na hakuna aliyemfundisha kukitengeneza. Kosa lilikuwa la waliomletea mashine bila kumletea maarifa.

Nalinganisha na kazi ya mwaka 1973, ile kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Redio peke yake isingaliweza. Kabla ya redio kusema neno, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kazi yao. Basi yeyote atakayewaletea maktaba ya kidijitali, awe serikali au mfadhili, mwulizeni kwanza: nani atafundishwa kuitunza, na betri ikifa mwaka wa tatu nani atanunua nyingine? Asipokuwa na jibu, mshukuruni, kisha mkae wenyewe mlitafute jibu kabla mashine haijashushwa garini.

Na mtunzaji huyo awe nani? Kwa maoni yangu awe mtu anayekaa kijijini na asiyetazamia kuhama, na ikiwezekana awe mwanamke. Nasema hivyo kwa sababu. Katika nyumba nyingi simu ya nyumba hukaa mfukoni mwa baba, na baba yuko matembezini. Mama akiambiwa maktaba imo katika simu, ni kama kuambiwa imo mwezini. Lakini kisanduku kikiwa kwa mama fulani, karibu na zahanati au mashine ya kusaga, akina mama watakisoma wakingoja zamu yao. Akina baba msinikasirikie. Nanyi mtakaribishwa.

Basi nawapeni kazi ya juma hili. Darasa lijigawe watu watano watano. Kila kikundi kiulize ni nani hapo kijijini mwenye simu au kishikwambi kinachoweza kushika kadi, na kama yuko radhi kukileta darasani jioni moja kwa juma. Kisha kila mtu aandike kwa mkono wake mwenyewe jambo moja analotaka kulisoma, siyo analodhani mwalimu anataka kusikia. Kama ni ugonjwa wa kuku, andika ugonjwa wa kuku. Kama ni habari za mirathi, andika mirathi. Kama ni hadithi za mapenzi, andika vile vile, hatutawataja majina. Mwalimu akusanye karatasi hizo na kuzipeleka kwa ofisa elimu wa kata, abaki na nakala. Na yule mwenye bibi au babu anayejua hadithi ya mwanzo wa kijiji chenu, aanze kuiandika usiku wa leo, hata kama ni mistari mitano. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutajifunza namna ya kuipiga picha karatasi ili herufi zisomeke, kwa hiyo mje nazo, na simu ziwe na chaji.